Ripoti ya mwezi ya bomba haifungi: mita za ujazo 648 zimekwenda wapi?

#1 Hesabu Chungu

Wakuu, salaam. Naandaa ripoti ya mwezi ya bomba la mafuta safi (petroli na dizeli, laini moja, bidhaa zinafuatana). Fomu yenyewe ni ya kawaida: akiba ya mwanzo, mapokezi, utoaji, akiba ya mwisho. Nimeanza kazi hii miezi minne tu iliyopita na sijawahi kuona shimo la namna hii. Zote ni mita za ujazo katika nyuzi 15 (yaani ujazo umerudishwa kwenye joto moja la kulinganishia):

Akiba ya mwanzo: ndani ya bomba 38,580, matangini 52,310. Jumla 90,890.
Mapokezi: 318,420.
Utoaji: 321,175.
Kwa vitabu nilitakiwa nibaki na 88,135.

Nilichopima: bomba 38,580, matangi 48,907. Jumla 87,487.

Pungufu 648. Ni kama asilimia 0.2 ya mapokezi. Miezi iliyopita tulikuwa +0.04, halafu −0.07, watu wanasaini maisha yanaendelea. Safari hii meneja ameizungushia duara jekundu na kuandika "ELEZA". Nieleze nini? Ripoti inatakiwa keshokutwa.

#2 Pipa Tupu

Mmetobolewa. Uzi umeisha, tukalale.

#3 Mwanalaini

Naweka kambi hapa. Hii kitu imewahi kunitoa jasho.

#4 Mzee Tangi

Pipa Tupu, punguza haraka. Wizi ndiyo jibu la mwisho, baada ya karatasi zote kusemeshwa. Kijana ana fomu tu mbele yake, wewe tayari umeshakamata mwizi.

Hesabu Chungu, nina maswali matatu. Pampu zenu zinaendeshwa na nini, umeme au dizeli? Matangi mnapima kwa utepe au kwa mashine? Na hiyo 648 umeigawa kwa bidhaa? Jumla huwa inaficha mengi.

#5 Hesabu Chungu

Mzee Tangi, asante. Pampu kuu ni za umeme, ila kituo cha katikati kuna mbili za dizeli na zinachota humo humo kwenye laini. Matangi tunapima kwa utepe siku ya mwisho wa mwezi, mashine ni ya kuangalizia tu. Kwa bidhaa: petroli −731, dizeli +83.

#6 Fundi Vali

Hizo pampu mbili zinakunywa bila kuandikwa? Hapo pa kwanza pameonekana. Mafuta ya matumizi ya ndani lazima yawe na mstari wake kwenye fomu, la sivyo yanahesabika kama yamepotea. Injini ya ukubwa huo haishibi kwa kikombe.

#7 Hesabu Chungu

Nimempigia wa kituo. Anasema kwa wastani ni mita 3 za ujazo kwa siku, pampu zote mbili. Mwezi una siku 31, kwa hiyo 93. Fomu yetu kweli haina mstari huo.

#8 BintiBomba

Ngoja kwanza. Mimi jicho langu limekwama kwenye namba moja tu. Mbona bomba ni 38,580 mwanzo NA 38,580 mwisho? Mwezi mzima mafuta yamepita humo, joto limepanda na kushuka, bidhaa zimebadilishana nafasi, halafu namba haijatikisika hata lita moja?

Laini yenu ni ya urefu gani na kipenyo gani cha ndani?

#9 Hesabu Chungu

Kilomita 322, kipenyo cha ndani milimita 390.6.

#10 BintiBomba

Kama nilivyohisi. 0.3906 mara 0.3906, zidisha 0.7854, unapata eneo la mita za mraba 0.1198. Zidisha mita 322,000 inakuja 38,584. Mtu amekokotoa hiyo namba siku bomba linafunguliwa, akaizungusha, akaibandika kwenye fomu, na kila karani tangu hapo anainakili. Huo ni ujazo wa chuma, yaani nafasi ya ndani ya bomba tupu. Ujazo wa mafuta katika nyuzi 15 ni habari nyingine.

Dizeli hutanuka kama 0.00083 kwa kila nyuzi moja. Petroli zaidi, inakaribia 0.0012. Joto la laini lilikuwa ngapi mwanzo na mwisho?

#11 Hesabu Chungu

Dada, umenishika pabaya. Nimechimba kumbukumbu za chumba cha kuongozea: wastani wa laini nyuzi 26 siku ya kwanza, 21 siku ya mwisho. Kulikuwa na baridi.

#12 BintiBomba

Basi: nyuzi 5 × 0.00083 × 38,580 = 160. Bomba lile lile, mwisho wa mwezi limebeba mafuta mengi zaidi kwa kipimo cha nyuzi 15, kwa sababu yalikuwa yamejikunyata. Una mita za ujazo 160 ambazo hujazihesabu kwenye akiba ya mwisho. Toa kwenye shimo lako.

#13 Mkaguzi wa Mita

BintiBomba hesabu yako ni safi, lakini umejaza bomba lote dizeli. Yeye ana petroli na dizeli zinafuatana. Kama usiku ule laini ilikuwa imejaa petroli tupu ni 231. Na kama mwanzo wa mwezi ilikuwa dizeli na mwisho petroli, huwezi kutumia kizidishi kimoja. Unachukua kila bechi (fungu moja la bidhaa) na joto lake na densiti yake (uzito kwa ujazo), unarudisha nyuzi 15, ndipo unajumlisha. Hiyo 160 usiiandike popote mpaka tujue nani alikuwa amelala ndani ya bomba usiku huo.

Na chuma nacho hujikunyata! Chuma kikipoa nyuzi 5 ujazo wa bomba unapungua mita za ujazo kama 5 hadi 7 hivi.

#14 Pipa Tupu

Mita 5 za chuma. Haya, mwenye kujikunyata ajikunyate. Mimi bado nasema mmetobolewa.

#15 Karani wa Usiku

Mimi nilikuwa karani wa ripoti hizi miaka sita, sehemu ambayo sitaitaja. Niwape siri ya jikoni. Kwetu "akiba ya ndani ya bomba" ndiyo ilikuwa jalala. Namba ikigoma kufunga, bosi anakwambia "hebu angalia tena laini imebeba ngapi". Unaangalia tena, inakuwa imebeba inavyotakiwa. Nani atateremka kilomita mia tatu na utepe kupima? Mwezi mmoja bomba letu lilibeba kuliko ujazo wake wa chuma kwa asilimia 2, na ripoti ikasainiwa na watu watatu.

Kwa hiyo Hesabu Chungu, kuwa na 38,580 isiyotikisika ni ujinga, ila ni ujinga mwaminifu.

#16 Mwanalaini

"Ujinga mwaminifu" 😂😂 naiandika kwenye daftari.

#17 Fundi Vali

Karani wa Usiku, asilimia 2 haiwezekani hata kwa shinikizo. Dizeli ukiongeza shinikizo kwa bar moja inabanwa kwa asilimia 0.007 hivi. Hata ungeweka bar 60 zaidi hufiki nusu ya asilimia.

Lakini umenikumbusha jambo. Hesabu Chungu, usiku wa kufunga mwezi laini ilikuwa inasukuma au imesimama?

#18 Hesabu Chungu

Ilisimama tangu saa tatu usiku, kulikuwa na matengenezo ya vali. Siku ya kwanza ya mwezi ilikuwa inasukuma kawaida.

#19 Fundi Vali

Basi mimi nakuongezea shimo badala ya kulipunguza. Mwanzo laini ilikuwa imebanwa, mwisho imelegea. Tuseme wastani wa tofauti ni bar 30: 30 × 0.00007 × 38,580 ni mita kama 81 ambazo mwanzo zilikuwamo na mwisho hazimo. Na kama laini inapita mlimani, ikisimama mafuta yanaweza kushuka bondeni yakaacha uwazi wenye mvuke juu. Hapo unahesabu hewa kama dizeli.

#20 Hesabu Chungu

Yaani nimekuja na shimo la 648 natoka na la 729?

#21 Mzee Tangi

Ndiyo maana nilisema taratibu. Tuache bomba, turudi matangini. Watu wanapenda kuhangaika na bomba kwa sababu halionekani, wakati makosa mengi yamekaa pale pale mtu aliposimama na utepe.

Kuna tangi la petroli lenye paa linaloelea lililoshuka sana mwezi huu? Akiba yako ya matangini imepungua zaidi ya 3,400, lazima kuna lililokwenda chini.

#22 Hesabu Chungu

Tangi namba 4. Petroli, paa linaelea. Kipimo cha mwisho mita 1.62.

#23 Mzee Tangi

Na miguu ya paa ina urefu gani?

#24 Hesabu Chungu

Nimeuliza. Mita 1.80.

#25 Mzee Tangi

Haya sasa, sogeeni.

Paa likielea, linasukuma mafuta ya uzito sawa na lenyewe. Kwa hiyo kina unachokisoma kwenye utepe kimeinuliwa na paa, na jedwali la tangi (lile la kugeuza kina kuwa ujazo) linakutaka utoe ujazo huo. Tuseme paa lina tani 60 na densiti ya petroli ni 0.74: unatoa mita 81. Sawa kabisa, madamu paa linaelea.

Lakini mafuta yakishuka chini ya mita 1.80, paa linasimama kwa miguu yake kwenye sakafu ya tangi. Halisukumi chochote tena. Karani aliyezoea, au jedwali la Excel lililozoea, linaendelea kutoa 81 zile zile. Umetoa mafuta ambayo yapo. Akiba yako ya mwisho imeonewa kwa mita 81.

Niliwahi kukuta hii kwa macho yangu. Nilipanda ngazi asubuhi, nikachungulia, paa limesimama kama meza, chini yake giza tupu na harufu. Karani wa chini ameandika kipimo, ametoa uzito wa paa, ametia saini. Nikamwita apande aone. Akaniambia "mzee, fomu ina kisanduku cha kutoa, sasa nisitoe?"

Eneo lile karibu na miguu, paa likiwa nusu linaelea nusu limesimama, kwa desturi hatupimi kabisa kwa ajili ya hesabu. Hilo ndilo eneo la hatari. La kwako liko chini zaidi, kwa hiyo walau ni wazi.

#26 BintiBomba

Mzee Tangi, shikamoo. Kula tano. Hata mimi sikuliwaza hilo.

#27 Mkaguzi wa Mita

Naungana. Ila angalia cheti cha tangi kwanza. Majedwali mengine tayari yameingiza paa ndani yake na yana ukurasa tofauti kwa chini ya miguu. Kama alitumia ukurasa sahihi, hizo 81 hazipo.

Ya kwangu sasa. Mita ya mapokezi ilihakikiwa lini mara ya mwisho na kigezo chake (namba ya kuzidishia ili kusahihisha usomaji) ni kipi?

#28 Hesabu Chungu

Wiki ya pili ya mwezi huu huu. Kigezo kipya 1.0012. Nakizidisha kwenye safu F ya jedwali langu.

#29 Mkaguzi wa Mita

Kwa nini unakizidisha wewe? Kompyuta ya mita haijakiweka?

#30 Hesabu Chungu

...

#31 Mkaguzi wa Mita

Hizo nukta tatu nazijua 😄

Kama fundi aliyehakiki mita alikiingiza kwenye kompyuta (na kwa kawaida huingiza siku hiyo hiyo, ndiyo kazi yake), basi tiketi zako (karatasi za usomaji wa mita) zimeshasahihishwa, na wewe umesahihisha kilichosahihishwa. 318,420 × 0.0012 = 382. Mapokezi yamevimba kwa 382, vitabu vinadai mafuta ambayo hayakuwahi kuingia, na tangini hayatapatikana hata ukisali. Tofauti na joto na paa, hili ni kosa la kalamu tu.

Leta tiketi moja. Tazama kama kuna mstari wa ujazo ghafi na mstari wa ujazo halisi. Ukigawanya kimoja kwa kingine utapata kila kilichozidishwa.

#32 Hesabu Chungu

Tiketi ziko kituo cha mwanzo, nimeagiza picha. Hapa nina jumla za siku tu.

#33 Pipa Tupu

Sasa mnisikilize na mimi, maana nimekaa kimya kwa adabu. Tuseme mmekata kata mkabakiwa na mita 395. Gawa kwa siku 31: chini kidogo ya mita 13 kwa siku. Hilo ni lori dogo moja kila usiku. Lori. Moja. Dogo. Laini inasukuma zaidi ya elfu kumi kwa siku, 13 ni asilimia 0.13. Mashine za kugundua uvujaji kwa kulinganisha kinachoingia na kinachotoka, nyingi hazishtuki mpaka ufike jirani na asilimia moja. Mwizi mwenye akili haibi mpaka kengele ilie.

#34 Mzee Tangi

Hapo umesema la maana, na nimekusikia. Ila wizi una tabia. Unavuta upande mmoja, mwezi baada ya mwezi. Yeye mwezi ule mwingine alikuwa +0.04. Mwizi hakuongezei mafuta.

#35 Pipa Tupu

Mwizi ameajiriwa mwezi huu.

#36 Mwanalaini

😂😂😂

Nje ya mada kidogo wakuu: hivi mafuta ya ndani ya bomba yanahesabika vipi kama akiba wakati hayatoki? Ukiyatoa bomba linakuwa tupu na huwezi kusukuma. Ni kama kusema nina hela benki, lakini ni zile ambazo hairuhusiwi kuzigusa.

#37 BintiBomba

Inategemea unayemjazia fomu. Marekani mamlaka ya takwimu za nishati, EIA, inahesabu ya bombani ndani ya akiba. Makampuni ya mabomba yanajaza fomu EIA-813 ya bidhaa kila mwezi. Lakini Shirika la Kimataifa la Nishati, IEA, kwenye ile akiba ya siku 90 za uagizaji ambayo wanachama wake wanaoagiza mafuta wanatakiwa kuwa nayo, mafuta yaliyomo bombani hayahesabiwi. Mkataba wake wa 1974 uliyaondoa. Kwa hiyo pipa lile lile kwa mmoja ni akiba na kwa mwingine si kitu.

#38 Karani wa Usiku

Dada nikusahihishe kidogo: bidhaa ni 812. 813 ni ya mafuta ghafi. Mengine yote uko sawa. Na kwenye 812 wanataka ulichonacho mkononi bila kujali ni mali ya nani, ripoti iwe imefika tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Wewe bomba huna hata tone lako humo, yote ni ya wasafirishaji, lakini unayaandika wewe kwa sababu yako chini ya ulinzi wako.

#39 BintiBomba

Kweli, 812. Nimezichanganya. Asante.

#40 Fundi Vali

Mwanalaini ukitaka kuona "hela isiyoguswa" angalia bomba la Alaska. Kilomita 1,287 hivi, kipenyo cha nje mita 1.22, ndani tuseme 1.195. Eneo 1.12, zidisha urefu: mita za ujazo milioni 1.44. Mita moja ni mapipa 6.29. Unapata mapipa milioni 9 yaliyolala tu ndani ya chuma. Mafuta yalianza kupita 1977 na ilibidi kwanza yajaze hilo tumbo ndipo tone la kwanza litoke upande wa pili.

#41 Mwanalaini

Milioni 9 za kujazia tumbo tu. Sina swali tena.

#42 Hesabu Chungu

Wakuu turudi kwangu tafadhali, muda unakwenda. Nimepata jambo jipya na sijui ni habari njema au mbaya.

Nimeomba fomu za mkono kutoka kituo kidogo cha utoaji, kile cha matawi. Fomu ya mwezi uliopita imeandikwa "usomaji wa mwisho wa mita: saa 6". Ya mwezi huu pia imeandikwa "saa 6". Lakini mwandiko ni tofauti. Yule wa zamani amehamishwa, kuna karani mpya.

Nimempigia mpya: kwake saa 6 ni saa sita usiku, mwezi unapofunga. Nimempigia wa zamani: kwake saa 6 ni kama inavyosema mashine, 06:00, yaani saa kumi na mbili asubuhi tarehe moja.

#43 Pipa Tupu

Ooooh. Sasa hii ndiyo nzuri.

#44 Mkaguzi wa Mita

Hii nimeshawahi kuiona ikivunja urafiki. Tuipige polepole. Karani wa zamani alifunga mwezi wake saa kumi na mbili asubuhi ya tarehe moja. Kwa hiyo mafuta yaliyotoka kati ya saa sita usiku na alfajiri ile yaliingia ripoti ya mwezi uliopita. Mwezi huu kituo kimeanza kuhesabu alfajiri na kumaliza saa sita usiku. Kimepungukiwa masaa sita ya utoaji, wakati mapokezi na matangi yamekwenda saa sita usiku hadi saa sita usiku. Mafuta yalitoka, hayakuandikwa, yanaonekana yamepotea.

Kituo hicho kinatoa kiasi gani kwa saa?

#45 Hesabu Chungu

60. Na usiku ule wa tarehe moja kilikuwa kinatoa, nina kumbukumbu.

#46 Mkaguzi wa Mita

60 × 6 = 360.

#47 Mzee Tangi

Sikubali upesi hivyo. Kama mwezi uliopita ulibeba masaa sita ya ziada ya utoaji, basi ulitakiwa uonyeshe mafuta yamezidi kwa 360. Yeye alisema ulikuwa −0.07. Kwa mapokezi ya namna hii hiyo ni pungufu ya mita mia mbili na ushee. Ina maana chini yake kulikuwa na shimo la karibu 600 lililofunikwa. Basi tatizo si la mwezi huu!

#48 Mkaguzi wa Mita

Si lazima, mzee wangu. Kama wa zamani alisoma asubuhi KILA mwezi, basi mwezi uliopita ulianza alfajiri na kuisha alfajiri. Kilichozidi mwisho kilipungua mwanzo, zikafutana. Kosa linaonekana tu mwezi ule desturi inapobadilika. Ndiyo maana aliendesha miaka yote hakuna aliyejua.

#49 Mzee Tangi

Hapo sawa. Narudisha nusu ya maneno yangu. Nusu nabaki nayo mpaka nione fomu za mwezi wa nyuma yake.

#50 Karani wa Usiku

Halafu mtu akiniambia kazi ya karani ni kunakili namba. Hata Marekani ripoti za wiki wanasoma saa 07:00 ya Ijumaa, imeandikwa kwenye maelekezo, hakuna kujadiliana. Sisi tuna saa mbili kwenye ulimi mmoja halafu fomu ina kisanduku cha "saa" kisicho na neno lingine lolote.

#51 Hesabu Chungu

Nimekaa nikajumlisha kila mlichonipa:

Pampu za dizeli 93
Joto la bomba 160
Paa la tangi 4: 81
Kigezo cha mita mara mbili 382
Saa 6: 360

Jumla 1,076. Shimo langu ni 648. Wakuu, maelezo yenu yamezidi upungufu wangu kwa mita 428! Nikiyaandika yote tutakuwa tumezalisha mafuta.

#52 Pipa Tupu

Ndiyo yanayoibwa hayo. 428. Nilisema mimi.

#53 Mwanalaini

Ukiendelea kuuliza humu siku mbili zaidi unafungua kituo chako cha mafuta 😂

#54 Fundi Vali

Na umesahau ya kwangu ya shinikizo, inavuta kinyume. 1,076 toa 81 ni 995.

#55 BintiBomba

Na hakuna hata moja inayoeleza kwa nini dizeli ilizidi 83. Pampu zinakunywa DIZELI. Ukiandika zile 93, dizeli inazidi 176. Shimo lote liko kwenye petroli. Kuna mahali petroli imeandikwa dizeli. Mnakata vipi mchanganyiko bidhaa zinapokutana?

#56 Hesabu Chungu

Mchanganyiko unakwenda tangi lake, limo kwenye ripoti, safu ya mwisho. Lakini msimamizi wa zamu ndiye anayeamua akate wapi kwa kuangalia densiti.

#57 BintiBomba

Na kituo kidogo kilichokuwa kinatoa masaa yale sita kilikuwa kinatoa nini?

#58 Hesabu Chungu

Dizeli.

#59 BintiBomba

Basi zile 360 nazo ni za dizeli. Sasa dizeli imezidi 536 na petroli bado −731. Nadharia ya saa 6 ni tamu lakini inakaa bidhaa isiyo yake.

#60 Mkaguzi wa Mita

Au tiketi ya bechi moja imeandikwa jina la bidhaa kimakosa. Bechi ndogo inatosha. Petroli imetoka, imeandikwa dizeli... hapana, hiyo ingezidisha petroli. Kinyume chake: dizeli imetoka, imeandikwa petroli... hapana, hiyo pia inazidisha upande usio wetu. Nipeni dakika.

#61 Mkaguzi wa Mita

Sawa: utoaji wa petroli ulioandikwa dizeli ungepunguza dizeli kitabuni, kwa hiyo dizeli ya kupima inaonekana imezidi na petroli inaonekana imepotea. Ndiyo ilivyo kwake. Nilikuwa sahihi mara ya kwanza, nikajichanganya mwenyewe.

#62 Mzee Tangi

Hata nchi nzima haifungi, msijitese sana. Wamarekani kwenye mizani yao ya mafuta ghafi walikuwa na mstari kabisa wa "mafuta ghafi yasiyojulikana yalipo", baadaye wakauita marekebisho. Mstari upo, unaonekana, hakuna anayeusukuma ndani ya bomba.

Ushauri wangu kwa keshokutwa: pampu 93 zina ushahidi wa simu, pata karatasi yake uandike. Kigezo cha mita utakijua picha ya tiketi ikifika. Paa, tafuta cheti cha tangi. Joto na shinikizo usiguse mpaka uwe na mpangilio wa bechi wa usiku zote mbili. Kinachobaki kiandike kama tofauti isiyoelezwa, na namba yake kamili. Mikataba mingi ya usafirishaji ina posho ya upotevu, nimeona 0.1, nimeona 0.25. Soma wa kwenu unasemaje.

#63 Karani wa Usiku

Na ukipata marekebisho baadaye, rekebisha ripoti ya mwezi HUU. Usiyafiche kwenye ujao. Nilifanya hivyo mara moja, miezi mitatu mbele nikawa sikumbuki kipi ni mafuta na kipi ni aibu yangu.

#64 Hesabu Chungu

Mrejesho wakuu. Picha ya tiketi imefika. Ujazo ghafi ukirudishwa nyuzi 15 na kugawanywa, kigezo kimo ndani tangu tarehe 9. Kabla ya hapo kompyuta ilikuwa na cha zamani, 1.0003. Kwa hiyo nimekosea kweli, lakini sio 382 yote, na hizo siku nane za mwanzo sijui nizirudishe nyuma kwa kigezo kipya au nibaki na cha zamani.

#65 Mkaguzi wa Mita

Mkataba utasema. Wengine wanarudisha nusu ya muda tangu uhakiki uliopita, wengine kinaanza siku ya uhakiki na hakirudi nyuma.

#66 Fundi Vali

Hapana, siku ya uhakiki daima.

#67 Mkaguzi wa Mita

Fundi, "daima" ni kwenye mkataba wenu.

#68 Mzee Tangi

Kabla hamjashikana mashati: huyo karani mpya ameambiwa aandike 00:00 badala ya "saa 6"?

#69 Hesabu Chungu

Nimemwambia, amekubali vizuri kabisa. Ametuma fomu ya leo. Ameandika "saa 00:00 asubuhi".